Nilivyomkataa Tavion Mabry

Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kuzunguka vyuo vikuu nikiangalia vijana wanaocheza futiboli, hii yetu ya Marekani ya kofia ngumu na kuangushana, kisha kurudi Toledo kuiambia timu nani anafaa na nani hafai. Naitwa Emery Vadas. Mimi ndiye niliyesema Tavion Mabry hafai.

Kila Aprili timu zote hupanga foleni kuchagua vijana wanaomaliza chuo, na iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hutangulia. Mwaka ule sisi tulikuwa wa kumi na mbili. Mabry alikuwa kwotabaki, yule mrushaji ambaye timu nzima hutembea kwa neno lake, na kila mtu alijua hawezi kubaki mpaka zamu ya kumi na mbili ifike. Timu iliyokuwa ya pili ilikubali kutuachia nafasi yake, lakini kwa bei: chaguo letu la kwanza la mwaka ule, na la mwaka unaofuata, na la mwaka wa baada ya huo.

Dwight Hasek, meneja wetu mkuu, alitaka tupande. Mimi nilikataa. Tukaitwa mbele ya mmiliki wa timu, Bibi Augusta Thorne, mwanamke wa miaka themanini na moja aliyekaa mwisho wa meza akimenya chungwa kana kwamba hayamhusu.

"Hebu tusomee ulichoandika," Hasek aliniambia, akanisukumia ripoti yangu kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha sahani aliyokuta unywele.

Nikasoma. "Akijiwa kutoka kulia anakunja bega kabla mpira haujamtoka mkononi. Kijana anaogopa kupigwa."

"Umemwona mara ngapi?"

"Mechi nne."

"Alikunja bega mechi ngapi?"

"Moja. Ile ya Novemba. Alikunja mara tisa."

"Mechi moja!" Hasek aligeuka kuwatazama wengine. "Watu wazima na akili zetu tumekaa hapa kwa sababu ya mechi moja. Vadas, mpigie daktari wa timu ya chuo chake. Muulize kijana alikuwa na nini siku ile. Hii ni mara ya tatu nakuomba."

"Sihitaji daktari wa kuniambia nilichokiona. Nina macho."

"Una kiburi, ndicho ulicho nacho."

"Na wewe una mrushaji wako wa miaka saba iliyopita," nikamjibu. "Tumwite aje atushauri? Nasikia siku hizi anauza mabwawa ya kuogelea Arizona."

Kuna mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Hasek alikuwa amepanda foleni mara moja hapo nyuma, akamleta kijana aliyedumu misimu miwili tu, na hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake jengoni. Shingo yake ilibadilika rangi. Mimi nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana.

Bibi Thorne aliweka ganda la chungwa juu ya ripoti yangu. "Emery, ungekuwa mimi, ungepanda?"

"Hapana, mama. Ningekaa nilipo nikachukua mlinzi wa mbele, wa kumkinga mrushaji wetu. Wetu wanapitika kama pazia."

"Basi tunakaa."

Hasek alikusanya karatasi zake. Aliponipita alisema kwa sauti ya chini, "Ukikosea, Vadas, sitakuokota."

Simu ile sikuipiga. Nilikuwa na namba ya daktari na nilikuwa na wiki tatu nzima. Kama angekuwa mtu mwingine ameniomba ningepiga, lakini aliyeniomba alikuwa Hasek.

Mabry alichukuliwa na Fort Wayne, jirani zetu na mahasimu wetu, mwendo wa saa mbili tu kwa gari. Hiyo maana yake ni kukutana naye mara mbili kila msimu. Oktoba walitufunga thelathini na nane kwa kumi, na mlinzi niliyemchagua, kijana mzuri wa Minnesota aitwaye Renning, alitoka uwanjani kwa machela kabla ya mapumziko.

Siku nne baadaye ripoti yangu ilisomwa redioni, neno kwa neno. Nani aliitoa nje sikujua, ila moyoni nilishamhukumu Hasek. Mtangazaji alikuwa akisoma "kijana anaogopa kupigwa", halafu anaweka sauti ya umati wa Fort Wayne ukimshangilia Mabry. Alirudia hivyo asubuhi nzima.

Tangu hapo mji ulinigeuka. Kinyozi wangu wa miaka yote aliniambia viti vimejaa, na vyote vitatu vilikuwa vitupu. Pale tunapokula soseji za Kihangari, mwenye duka alinipa mkate mtupu ndani ya karatasi. Nilipouliza soseji iko wapi, alisema, "Imeogopa kupigwa." Duka zima likaangua kicheko. Jirani alinipigia honi kila nilipotoa takataka.

Mke wangu, Ilona, alivumilia wiki mbili. Jumapili moja alirudi kutoka kanisani akatupa mkoba kitandani.

"Wameacha benchi zima wazi pembeni yangu. Benchi zima, Emery! Kama nina upele."

"Watasahau."

"Wasahau nini? Wewe mwenyewe hujasahau. Unamtazama huyo kijana kwenye televisheni kila wiki ukiomba avunjike, usinidanganye, nakuona unavyosogea kwenye kiti. Ana umri wa mtoto wetu!"

Kila mtu mkubwa alipomjia Mabry kutoka kulia, kweli nilikuwa nasogea.

Desemba walikuja Toledo. Theluji ilikuwa imeanza, na zilibaki sekunde kumi na moja tukiongoza kwa pointi nne. Mkabaji wetu mzito kuliko wote alimjia Mabry kutoka kulia, bila mtu katikati yao. Mabry alimwona. Alisimama wima, akasubiri mwenzake afike mahali pake, akaurusha mpira, ndipo akabebwa na kubwagwa chini kwa kishindo tulichokisikia mpaka ghorofani. Bega halikukunjwa hata kidogo. Mpira ulishikwa ndani ya mstari wa goli, pointi sita, tukawa tumefungwa.

Nilishuka kwa ngazi za nyuma ili nisikutane na mtu. Nikamkuta yeye, bado ana matope kidevuni, amesimama kwenye korido na kofia mkononi.

"Mzee Vadas ni wewe?"

"Ndimi."

"Nimekuulizia kwa walinzi wanne wa milangoni. Wa nne akasema ningoje hapa, eti siku hizi unapita na njia za panya." Hakutabasamu. "Ile mechi ya Novemba. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Safu ya kumi."

"Nilikuwa na mbavu tatu zimepasuka. Niliumia mazoezini Jumanne. Daktari alinifunga bandeji, nikamwomba asimwambie kocha, akasema sawa, lakini msaka vipaji yeyote akimuuliza atamwambia ukweli. Waliuliza watu wa timu kumi na nane. Nimemuuliza mwenyewe, ana orodha. Toledo haimo."

"Sikupiga," nilisema.

"Kwa nini?"

Ningeweza kumtajia ugomvi wetu na Hasek. Lakini mbele ya kijana yule maneno yalionekana ya kitoto hata kabla hayajanitoka. "Nilidhani najua."

"Mama yangu alisikia hiyo redio. Watu walimtumia kutoka huku, wakicheka. Alikuwa akiosha wagonjwa usiku ili mimi nisome, halafu anaambiwa amezaa mwoga."

"Nisamehe, kijana."

"Sikuja kwa ajili ya hilo. Nilitaka kuiona sura yako." Akaitazama, kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akaondoka kuwafuata wenzake.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Bibi Thorne nikiwa nimeamua kueleza yote. Nilimkuta amekwisha kumfukuza Hasek.

"Mama, Hasek ndiye aliyetaka tumchukue. Aliniomba nipige simu mara tatu, nikakataa kwa ubishi tu."

"Nilikuwepo, Emery. Masikio yangu bado mazima."

"Sasa mbona yeye?"

"Watu wanataka kichwa, na kichwa chako hakiwatoshi. Meneja ni yeye." Alinitazama bila huruma wala hasira. "Kiti chake kiko wazi. Nakupa wewe. Utakuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote nitakayemtoa nje."

Naona haya kusema kwamba nilikwenda nyumbani kulifikiria. Nililifikiria siku mbili. Siku ya tatu nilimwandikia barua ya kukikataa kiti na kuacha kazi.

Februari nilimwona Hasek kwenye maegesho ya duka, akipakia mifuko ya chumvi ya kuyeyushia barafu. Nilimwendea. Nilimwambia nilichomweleza Bibi Thorne, na kwamba nimekataa nafasi yake. Nikamwambia pia kwamba nilimshuku kwa ile ripoti ya redioni.

"Haikuwa mimi," alisema. "Ningetaka kukumaliza ningewaambia kuhusu simu. Ningekuwa bado nina kazi."

"Najua sasa."

"Sasa." Aliinua mfuko wa mwisho. "Unataka nini, Vadas? Nikupe mkono?"

"Hapana."

"Vizuri. Sogea, nirudishe gari nyuma."

Nikasogea. Alirudi nyuma, akakata kona kwa haraka, na magurudumu yake yakanirushia matope ya theluji mpaka magotini. Sidhani kama alikusudia, ingawa Ilona anasema alikusudia, na kwamba angekuwa yeye kwenye usukani, angerudi kunirushia mara ya pili.