Glasi Niliyosahau Kuionja

...na sasa glasi iko mkononi mwake na mimi sijaonja, chupa ninayo, glasi yangu ipo mezani, tupu, kavu, inang'aa nilivyoisugua asubuhi, na mdomo wangu unaendelea tu kusema tunaanza na rangi, ndugu zangu, kila mtu ainue glasi yake atazame rangi kwanza, wakati mwenye kitu kwenye glasi ni mmoja tu, mama mkwe wangu, Ma Evodia, anayetimiza miaka themanini leo, niliyemmiminia wa kwanza kwa sababu karatasi yangu inasema hivyo, hatua ya kwanza mgeni wa heshima, hatua ya pili wageni wengine, mwongozaji awe wa mwisho, ndivyo tulivyofundishwa kwenye semina ya mvinyo kule Bukoba mjini, siku tatu za chai na maandazi, na mwalimu aliyetoka Dodoma, anayejua zabibu vizuri kabisa lakini hajawahi kuona ndizi zikikanyagwa kwenye mtumbwi wa mbao, na mimi nikaandika kila alichosema, nikakikariri wiki nzima mbele ya kuku, wala sikukumbuka kujiambia, Joanitha, ukifika Buganguzi ujue uko Buganguzi. Kwetu anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza. Hili halifundishwi semina, hata mke aliyeolewa juzi analijua, unaleta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, unapiga magoti, unavuta funda moja kwa mrija, unameza wakikuona, ndipo unampa mkubwa kwa mikono miwili, na mkubwa anakunywa moyo wake umetulia, nimefanya hivyo maisha yangu yote bila hata kufikiri, na leo nimefikiri, nimefuata karatasi, na ona. Na wote wameona. Esther ameona, wifi yangu, tabasamu lake limesimama katikati, maskini, wakati shughuli yote hii ni wazo lake, alinipigia simu kutoka Mwanza akasema wifi, Mama hapendi maturubai na maspika, tufanye kitu cha ndani, cha familia, utuonjeshe mvinyo wako wa ndizi aina zote tatu na utueleze kama wanavyofanya hotelini, na mimi nikacheka nikidhani ananitania, halafu nikaona hatanii, nikakaa juu ya kreti nikalia kidogo, kwa sababu hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuita kile ninachotengeneza jina lake, mvinyo, walikuwa wanasema vile vitu vya Joanitha. Namshukuru Esther. Hata sasa, na jasho hili mgongoni, namshukuru. Mwinjilisti Nathanael ameona, ingawa anajifanya kutazama senene kwenye sahani, yeye ana glasi yake ya mlamba, juisi tupu ya ndizi isiyochachuka, kwa hiyo hayamhusu. Na Rweyemamu ameona, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, pale karibu na mlango, alikuwa anatafuna punje za kahawa na sasa ameacha kutafuna, kahawa imetuna shavuni, ananitazama mimi, si glasi, mimi... maana mtu mwingine angeweza kusahau jambo hili watu wakacheka na kumzomea kidogo yakaisha, mimi hapana, si mimi ambaye mume wangu alikunywa rubisi niliyoipika kwa mikono yangu, Krismasi ya miaka tisa iliyopita, na siku ya Mwaka Mpya tukamzika.

Kahigi wangu. Alikunywa akasifia, akasema mke wangu hii umepatia, akaomba tena, kesho yake akavimba miguu, uso, akawa hapati mkojo, tukamkimbiza hospitali, na daktari alitueleza wazi, mimi na Esther tukiwa tumesimama kwenye korido, figo zilikuwa zimekwisha siku nyingi, presha imezila polepole na mwenyewe hakujua, hata angekunywa maji matupu ingekuwa hivyo hivyo, alisema hivyo yule daktari na Mungu ambariki popote alipo, lakini daktari hakuja msibani, na msibani kila mtu alikuwa na maneno yake, na Rweyemamu akasimama pale kaburini, udongo bado mbichi, akasema aliyempa kinywaji anajua alichompa. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Na Ma Evodia alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kanga imemfunika hadi kichwani, na hakusema kitu, si ndiyo, si hapana. Wiki mbili baadaye ukoo ukakaa kikao kuhusu kibanja, shamba letu la migomba, mimi nimekaa nje kwenye ngazi na wanangu wawili nikisikia jina langu likipita ndani, na ghafla sauti ya Ma Evodia, kavu tu, ndizi zimeiva kule chini, nani atazikamua, wewe Rweyemamu utazikamua, halafu akatoka mwenyewe akanipa ufunguo wa banda, hata hakunitazama, akasema shuka uwahi kabla nyani hawajazimaliza. Ni ufunguo huo huo. Bila ufunguo huo nisingekuwa na kibanja, wala chupa, wala lebo yenye picha ya mkungu, wala duka kule Nshamba wanakoweka chupa zangu mbele kabisa ya rafu, watoto wangu wasingesoma, nimemshukuru moyoni kila siku ya Mungu, naamka nashukuru, nalala nashukuru, lakini chini ya shukrani kumekuwa na mdudu, alinipa kwa sababu ananiamini, au alinipa kwa sababu ya wajukuu zake, kwamba hata kama mama yao ni muuaji watoto wasife njaa... sikujua. Sijui. Miaka tisa nakula naye, nalima naye, nakaa naye benchi moja kanisani, na sijui. Na nisingeweza kujua, kwa sababu miaka yote tisa nimeonja. Si rubisi tu, hiyo ni desturi, kila mtu anaonja, mimi nilionja kila kitu. Uji. Chai. Maji ya kisima. Mwaka ule alipolazwa na malaria nilimpelekea supu ya kuku nikainywa nusu nzima mbele yake ndipo nikampa, hata dawa ya kikohozi, ile ya kunywa kwa kijiko, nilijimiminia kijiko cha kwanza nikameza, na mimi sikohoi, na alinitazama tu kwa macho yale, akafungua mdomo kama mtoto, akameza cha kwake. Hakuwahi kusema acha. Na mimi nikajiambia, unaona, hasemi acha, anahitaji nionje, kwa hiyo nikaonja.

Bado naweza. Glasi yangu ile pale, chupa ninayo, ni kumimina kidogo, kumeza wakiniona, na kusema samahanini, nilitaka kuwaonyesha namna wazungu wanavyofanya, tutacheka, Esther atapiga makofi, yataisha. Mkono unajua njia. Mkono umeshaanza kwenda, nauona unakwenda, kwa sababu Ma Evodia ameinua glasi kwenye mwanga wa dirisha kama nilivyosema, ametii, anatazama rangi, ya kwanza hii ina rangi ya majani makavu ya mgomba yakipigwa jua... na kitu ndani yangu kinasema, simama. Usionje. Ukionja sasa utakuwa umejifungia mlango mwenyewe tena, atakunywa, na utarudi nyumbani na mdudu wako, na yeye hana miaka mingine tisa ya kukupa. Simama hapo hapo. Mungu wangu nisaidie, nasimama, chupa imesimama hewani, na natamani kujua zaidi ya ninavyoogopa, sikujua kwamba ninayo tamaa ya ukubwa huu, na kama atairudisha glasi mezani, kama atasema onja kwanza, mwanangu, kwa sauti yake nzuri ya kanisani, basi nitaonja, nitamaliza shughuli yake vizuri, nitawaeleza ya pili iliyowekwa vanila na inayokwenda na senene, nitawaeleza ya tatu ya nanasi, nitaosha glasi zote, na bado nitamshukuru kwa ule ufunguo, hilo nisisahau, nitamshukuru hata hivyo, alinipa maisha hata kama hakuniamini, na labda kumpa maisha mtu usiyemwamini ni zawadi kubwa zaidi... lakini mama, tafadhali.

"Mama, ngoja," anasema Rweyemamu, kahawa bado shavuni, sauti si ya ugomvi, ni ya mtu anayemwonya mtoto asishike sufuria ya moto, "ngoja kwanza. Aonje mwenyewe." Na Esther anasema kaka jamani, na Mwinjilisti anakohoa, na mtu fulani anasema ni desturi tu, Esther, hajasema vibaya, ni desturi. Na ni kweli, ndiyo ubaya wake, hajasema vibaya, hakuna hata wa kumlaumu. Ma Evodia hamtazami. Ameiteremsha glasi kutoka kwenye mwanga, ameileta puani, ndiyo hatua ya pili, sijaisema bado, ameifanya mwenyewe, ananusa na macho ameyafumba, muda mrefu, mwalimu wa semina angefurahi, na anasema akiwa bado amefumba macho, "Aonje nini? Miaka tisa namtazama huyu anaonja. Waitu, jamani, nimechoka kumtazama." Na anakunywa. Si funda dogo la kuonja, si lile la kuzungusha mdomoni nililowaandikia kwenye hatua ya tatu, anakunywa kama mtu aliyetoka shambani saa saba mchana, koo lake jembamba linapanda na kushuka, namwona anakunywa yote hadi chini na anaifuta midomo kwa kona ya kitenge.

Nimechoka kumtazama. Amesema amechoka. Si leo, alichoka zamani, na mimi na kijiko changu cha dawa ya kikohozi, Mungu wangu, nimemfanyia nini mama huyu, kila kikombe nilichompelekea nilikunywa kwanza nikimwambia bila kusema, najua unanishuku, ona sijaweka kitu, ona, ona tena, asubuhi na jioni, mtu aliyetoka mbele ya ukoo mzima na ufunguo mkononi, na yeye akafungua mdomo akameza kijiko changu na dharau yangu pamoja, akaninyamazia, maana angesema nini, angesema acha kuonja ningedhani ananipima, angesema nakuamini ningeuliza kwa nini unasema hivyo, kuna nini, ningekesha. Aliyekuwa hamwamini mwenzake humu ndani ni mimi. Miaka tisa. Nilikuwa nikidhani namsubiri yeye anisafishe, kumbe yeye ndiye alikuwa akinisubiri mimi nisahau... na nimesahau, nashukuru kwamba nimesahau, asante karatasi, asante mwalimu wa Dodoma na zabibu zako, asante kuku mlionisikiliza. Silii. Macho yana maji tu, ni ule moshi wa jikoni. Na ananitazama sasa, moja kwa moja, kama ambavyo hakunitazama siku ile ya ufunguo, na anasema kwa wote wasikie, lakini ni kwangu, "Hii ni mbile ya kule chini. Ya kando ya Kahigi." Na ni kweli. Migomba ile mitatu ya mbile, ndizi za pombe, iliyoota kandokando ya kaburi lake, sijamwambia mtu, sikuiandika kwenye lebo, niliikata mwenyewe alfajiri moja na kuikamua peke yangu na nikaiita tu namba moja, na ameijua kwa pua, bila semina. "Ni yenyewe, Mama," nasema, "ni yenyewe." "Naisikia," anasema. "Alikuwa anapenda utamu wake uishie mbali, si hapa mbele." Kisha ananinyooshea glasi tupu, "Wakola, mukamwana, asante mke wa mwanangu. Sasa wape na wengine, mbona umesimama, au karatasi imeishia hapo?" na wanacheka, Esther anacheka huku anafuta pua, na kicheko kinazunguka sebule na kufika mlangoni na kusita kidogo pale. Basi namimina. Kwa Esther, kwa shangazi, kwa wajukuu wakubwa, na nafika kwa Rweyemamu na simpitii haraka kama nilivyozoea, nasimama, na yeye anatema ile kahawa kiganjani, anatazama glasi ya mama yake ilivyo tupu, anamtazama mama yake, ambaye tayari amemgeukia Mwinjilisti na kumwomba ile sahani ya senene, na ananyoosha glasi yake, mkono haujanyooka sana, anasema "kidogo tu, shemeji," na nammiminia kidogo tu, na anashikilia bila kunywa, na mimi sisubiri nione, kwa mara ya kwanza sisubiri kuona mtu atanywa au hatanywa, hiyo ni yake. Narudi mezani. Rangi, ndugu zangu, nasema, tulikuwa kwenye rangi, inueni muitazame, na wote wanainua kwenye mwanga wa dirisha, na mimi namimina ya kwangu, ya mwisho kabisa, kama karatasi inavyosema, na nakunywa baada ya mama.