Matairi ya Msimu Mmoja

Baba yangu alinunua Mustang akiwa na miaka hamsini na nane, na kama kuna mtu wa Richfield, huku Minnesota, ambaye hajasikia ngurumo yake, basi mtu huyo ni kiziwi au amehama. Gari jekundu, milango miwili, injini ya silinda nane, kiti cha nyuma hakimtoshi hata mbuzi. Miaka tisa baba alisimama kwenye ghala moja huko Plymouth akisoma lebo na kupanga maboksi, na alichojipa mwisho wa miaka hiyo ni gari ambalo theluji ikianguka kidogo tu linashindwa kutoka kwenye maegesho. Mimi nilimwambia anunue Corolla kama watu wenye akili.

"Gégé," akanijibu, "Corolla mutu anaendesha juu ya kufika. Mi nataka kuendesha."

Mwaka jana gari lilikaa chini ya turubai kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwaka huu akaapa kwamba halitalala tena: atalinunulia matairi ya baridi pamoja na rimu zake, aliendeshe hata Januari. Ndiyo maana Jumamosi ya kwanza ya Novemba tulikuwa Blaine, kwenye duka la matairi walilomsifia wenzake wa kazini, baba ameegemea kaunta na mimi kando yake, mkalimani kama kawaida. Miaka yote hiyo Marekani, na Kiingereza cha baba kiliishia kwenye lebo za ghalani: namba, tarehe, majina ya miezi, juu, chini, hatari.

Kabla sijaendelea niseme kitu kinachoniuma. Baba alikuwa anakufa, na kati yetu wawili ni mimi tu niliyejua.

Tuliambiwa mwezi wa nane. Hospitali ilitaka kutupa mkalimani wa simu, na sheria zao ni nzuri, mkalimani hataji jina lake, anataja namba. Lakini sauti ilipotoka kwenye simu na kusema habari za asubuhi, baba alishtuka kana kwamba ameungua. Ilikuwa ya Mama Vestine, anayeongoza kwaya kanisani kwetu. Baba alifunika simu kwa kiganja. "Huyu? Dimanche ya ibada ikifika, kanisa muzima watakuwa wananiombea wakihesabu mbavu zangu!" Akaomba karatasi ya kukataa mkalimani, akatia sahihi, akanionyesha mimi kwa kidole. Binti yangu atanitafsiria.

Daktari alisema ni saratani ya ini. Alisema miezi sita hadi minane. Alisema pia, polepole, akinitazama mimi ili nisikose neno, kwamba kama kuna mtu wa mbali ambaye baba angependa kumwona, aende sasa, mwezi huu au ujao, kwa sababu baadaye maji yatajaa tumboni na hataweza kupanda ndege. Baba alikuwa anaitazama midomo yangu.

"Anasema ini limechoka, papa," nikasema. "Kuna dawa. Za miezi sita hadi minane."

Namba sikuzigusa, kwa kuwa namba angezishika mwenyewe. Nilizitoa tu mahali pake nikaziweka pengine. Ujanja huo ulinijia bila kufikiri, na Mungu anisamehe, nilijiona mwerevu. Habari ya safari niliimeza.

Msinihukumu haraka. Kwetu mgonjwa haambiwi, wanaambiwa ndugu. Mama alipokuwa anakufa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma nilikokulia, ni baba huyuhuyu aliyetupanga mstari sisi watoto akatuambia, "Mama yenu ana malaria. Atakayesema lingine atanitambua." Mama alikufa akiwa anapanga wapi atapanda mihogo. Mimi nilisoma kwa mwalimu huyo, wala sikuongeza kitu.

Tatizo lilikuwa bibi. Mama yake baba yuko kambini bado, ana miaka themanini na sita, na kila Jumapili baada ya ibada baba humpigia simu. Kila Jumapili bibi huuliza, "Anicet, unakuja lini?" Na tangu Agosti baba alikuwa na jibu moja, analitoa kwa furaha: "Mwezi wa sita, mama. Dawa zikiisha tu, nakuja." Mimi jikoni nahesabu kwa vidole. Februari. Aprili. Mwezi wa sita haukuwemo.

Wiki moja kabla ya kwenda Blaine daktari alimpima tena na kusema habari ya ndege sasa basi, hata akitaka. Nilitafsiri kwamba anatakiwa kupumzika.

Basi, tuko dukani. Yule bwana wa kaunta alikuwa Mzungu mnene mwenye ndevu za kijivu, na baba alimpenda papo hapo, kwa sababu alitoka nje na kuliangalia gari kabla hajaangalia kompyuta. Walizunguka Mustang wakionyeshana vitu kwa vidole. Baba alichuchumaa, akapiga gurudumu la mbele na kifundo cha kidole.

"Gégé, mwambie mi najua. Haya ni mapine ya kiangazi. Baridi ikifika yanakuwa kama ubao, gari inateleza tu. Na hizi rimu ni za inchi kumi na tisa, pana sana. Kwa theluji mutu anataka pine nyembamba, ikate chini. Tushuke kumi na nane."

Nikatafsiri. Yule bwana akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akasema kumi na nane ndiyo yenyewe, kumi na saba haiwezi, breki za mbele ni kubwa mno, rimu itazikwaruza. Baba akacheka kabla sijamaliza kutafsiri, maana alikwisha kuziona breki mwenyewe. Akauliza kama kuna yenye misumari. Hapana, Minnesota hairuhusu misumari. Akauliza kama vipimo vya upepo vya ndani ya gurudumu vitahamishwa au vitanunuliwa vipya. Akauliza uzito wa rimu. Kwa mwezi mzima nyumbani alikuwa anasema ndiyo, hapana, na nipe maji, na hapa alikuwa anauliza kama mtoto wa shule aliyependa somo. Koti lake la mwaka jana lilimning'inia mabegani. Nilikuwa na hasira naye, na gari, na yule Mzungu aliyekuwa anamfurahisha hivyo.

Tulirudi ndani. Bwana akaweka tairi mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya wenyeji wa baridi, ya Finland, laini, unaibonyeza kwa kidole inaingia. Hii, akasema, ukiitunza ni misimu mitano, hata sita. Ya pili ya kawaida, itafanya kazi, lakini itaisha haraka. Halafu akaniuliza, kwa nia njema kabisa, "Mzee anategemea kukaa na gari hili misimu mingapi ya baridi?"

Baba akanigeukia. "Anauliza nini?"

Ningeweza kusema mitano. Lilikuwa neno moja tu, na uongo nilikuwa nimeshauzoea. Lakini niliziona tairi hizo nne za Finland, nzima, zimepangwa kwenye stoo yetu Richfield baada ya mazishi, na mimi nafungua mlango kutafuta ndoo nazikuta. Nilishindwa.

"Anauliza unapita barabara gani," nikamwambia baba.

Baba akaanza kueleza. Thelathini na tano kushuka kutoka mjini, ile kona inayoganda chini ya daraja, halafu nne tisini na nne hadi Plymouth atakaporudi kazini. Alieleza kwa mikono yote miwili. Alipomaliza nilimgeukia yule bwana.

"One," nikasema. "One winter."

Bwana akanyanyua nyusi. Basi asipoteze pesa, akasema, achukue hizi za kawaida. Akaishika ile ya Finland, akaipigapiga kama mtu anayeaga farasi, akairudisha kwenye rafu nyuma yake ambako zilikuwa nyingine saba.

"Anasema za Finland zimeisha, papa. Zimebaki hizi."

Baba alikuwa ameinua macho. Alikuwa anaisoma rafu. Nilisahau ni nani niliyekuwa naye: mtu aliyesoma lebo miaka tisa. Midomo yake ilikuwa inatembea taratibu, mbili thelathini na tano, hamsini, kumi na nane, saizi ileile, moja, mbili, tatu, hadi nane.

"Ziko nane," akasema.

"Zimewekewa mtu mwingine."

"Na umemwambia one winter. Nimesikia." Hakupandisha sauti. "Mi nimesema barabara, we umesema one winter. Aliuliza nini, Générose?"

Jina zima. Nilijua limekwisha, na bado nilitafuta uongo mwingine, nikautafuta kweli, haukuwepo.

"Aliuliza utaendesha misimu mingapi."

Yule bwana aliona nyuso zetu, akajitia kutafuta kitu kwenye droo. Baba aliondoka kwenye kaunta, akaenda kukaa kwenye viti vya kusubiria, karibu na mashine ya kahawa. Nilimfuata. Alikuwa ameweka viganja juu ya magoti, anavitazama.

"Kule kwa docteur. Six to eight months. Ile ilikuwa dawa?"

"Papa, twende nyumbani kwanza."

"Ilikuwa dawa?"

"Haikuwa dawa."

Nyuma ya kioo fundi alikuwa analipandisha gari la mtu mwingine, na mashine ya upepo ikipiga kelele. Halafu akasema, "Tafsiri sasa. Yote. Usiruke."

Nikatafsiri, miezi mitatu baadaye, kwenye duka la matairi, kila neno kama lilivyosemwa. Saratani. Miezi sita hadi minane. Nilipofika kwenye safari nilitaka kuruka, sikuruka. Alisema kama una mtu wa mbali, uende sasa, mwezi huu au ujao.

"Ilikuwa Agosti," akasema baba.

"Ndiyo."

"Na leo? Naweza kwenda leo?"

"Wiki iliyopita alisema haiwezekani tena."

"We ukasema nipumzike."

"Ndiyo, papa." Nilikuwa nalia, na nilimkasirikia kwamba yeye halii. "Wewe ndiye ulitufundisha! Mama ulimwambia malaria! Ulituambia tukisema tutakutambua!"

Aliinua kichwa akanitazama, na sikuona hasira hata kidogo. Ningeomba iwe hasira.

"Mama yako hakuwa na mahali pa kwenda," akasema. "Mi nilikuwa napo."

Akainuka kwa kushika mkono wa kiti. Nilitaka kumsaidia, akanipita. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye kaunta, na kwa mara ya kwanza tangu tushuke uwanja wa ndege wa Minneapolis nilimsikia baba yangu akizungumza na Mzungu bila mimi. Aliuweka mkono juu ya ile tairi ya kawaida.

"This," akasema. Akanyanyua kidole kimoja. "One winter. Is true."

Ilichukua saa moja na nusu. Mustang lilishuka na rimu nyeusi, nyembamba, limekuwa kama mtu aliyeazima viatu. Yule bwana akasukuma magurudumu ya kiangazi, yale ya kung'aa ambayo baba alikuwa akiyasugua kwa mswaki, akauliza kama yaingie garini. Lile swali baba alilielewa. Akayatazama, akasema, "You keep." Bwana alinigeukia apate ufafanuzi, nikamwonyesha baba kwa kidole.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa na miadi. Baba aliendesha mwenyewe, hatua kwa hatua, kwenye theluji ya kwanza, na gari halikuteleza hata kidogo. Mapokezi walimwuliza kama binti yake ataingia naye. Akasema hapana, akaomba simu ya mkalimani. Nilibaki kwenye korido. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, na nilimsikia Mama Vestine akitaja namba yake, kisha daktari, kisha yeye tena, akirudisha kila neno mahali pake. Jumapili kanisani hakuna aliyesema kitu. Mama Vestine aliimba akiwa ameinamisha uso, na hakutusogelea.

Baada ya ibada baba alipiga simu Nyarugusu kama kawaida. Mimi nilikuwa jikoni. Nilimsikia bibi akiuliza afya, akiuliza chakula, halafu swali lake. Nilipochungulia, baba alikuwa ananinyooshea simu.

"Zungumza naye," akasema. "We ndiye unajua."

Nilitikisa kichwa. Hakuushusha mkono. Kule upande wa pili bibi alikuwa anaita, Anicet, Anicet, mtandao umekatika? Nikaichukua simu.

"Mwezi wa sita, bibi," nikasema. "Anakuja mwezi wa sita."

Bibi akamshukuru Mungu kwa sauti. Akasema atamfuga jogoo kuanzia sasa. Kisha akauliza kama baridi yetu imeanza, maana ana wasiwasi na barabara. Nikamwambia imeanza, lakini asiogope, gari tumelifunga matairi mapya.