Kulabu ya Nne

Mpwa wangu anatengeneza michezo ya kompyuta, ile ya kuigiza: unakaa kitini kwako na kikombe cha chai, unajifanya nahodha wa nyambizi. Jumapili alasiri alikuja na kompyuta yake, akaiweka mezani kati yangu na baba yake, akaanza kunihoji utadhani polisi.

"Mjomba, mlibeba silaha gani ndogo ndogo? Zilikaa wapi? Ufunguo alishika nani?"

Alishika nani! Mimi. Miaka mitatu ya vita nilikuwa mtunza silaha ndani ya nyambizi, lile bomba la chuma. Bastola nane, na bunduki sita za kulipulia mabomu yanayoelea baharini kabla hatujayagonga. Nikamweleza yote. Kazi yangu naijua, na kuulizwa napenda.

Kabati langu la silaha alikuwa amelichora vizuri, siwezi kumnyima sifa yake. Ila ukibonyeza, mlango unafunguka na mabaharia wote wananyakua bastola kama wanagawiwa peremende.

"Upuuzi mtupu," nikasema. "Mle ndani hakuna aliyetembea na silaha. Risasi ikigonga chuma inakurudia mwenyewe. Bastola zilitoka siku ya kulinda gati au ya kupekua meli ya watu. Basi."

Akaandika. Halafu akasema, "Sasa mchezaji akifyatua akiwa ndani, ilie au isilie? Nimesoma mahali kwamba watunza silaha wengine walitoa pini kwa siri ili zisifyatuke."

Nikamtazama baba yake, shemeji yangu. Asubuhi iliyofuata alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo. Alikuwa ameshika kikombe chake, anatabasamu, anasubiri nijibu.

Niwaambie ninyi, maana yeye sikuwahi kumwambia. Mimi ndiye niliyetoa pini.

Nilizitoa tangu safari ya kwanza. Bastola isiyo na kile kipini kinachogonga risasi ni chuma tu. Unavuta, inasema ti, yameisha. Nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa. Watu arobaini na tatu wamefungiwa pamoja wiki sita, hewa inanuka dizeli na soksi, wanagombania hadi kitanda. Mmoja akichanganyikiwa, itakuwaje? Nikavitoa vipini vyote vinane nikavificha kwenye kopo la tumbaku. Bunduki zilikuwa na mnyororo wake, na ufunguo haukutoka shingoni mwangu. Nahodha angejua angenitupa gerezani, na angekuwa na haki.

Siku ninayotaka kuwaeleza, asubuhi tulisimamisha meli ya mizigo ili ipekuliwe. Nahodha akaagiza bastola mbili. Namba nne nikairudishia kipini chake, nikampa afisa. Namba tano ilikuwa ya baharia wa kutoa ishara kwa bendera, mtu ambaye mikono ilimtetemeka hata akishika kijiko. Huyo nikampa hivyo hivyo, bila kipini. Afadhali aonekane tu ana silaha kuliko ampige afisa wetu mgongoni. Bastola zote mbili zilikuwa na risasi.

Hawajamaliza kupekua, moshi wa manowari ya adui ukaonekana. Kengele! Watu wakarudi mbio, wakanitupia bastola zao, nikazitundika, tukazama. Kabati sikulifunga. Mimi, niliyekuwa nawasema wenzangu kwa uzembe kutwa kucha!

Tulilala chini kabisa, injini zimezimwa. Juu yetu manowari ilikuwa inazunguka, imetega masikio. Mapipa matatu ya baruti waliyotudondoshea yalishalipuka, na maji yakawa yanachuruzika kwenye maungio ya mabomba. Nahodha akaamuru kimya. Tukavua viatu. Hata kukohoa ilikuwa marufuku. Kijiko kikianguka, tumekwisha.

Hapo ndipo nilipolikumbuka kabati. Nikanyata na soksi zangu, nikapapasa kulabu kwenye kiza, kila bastola na kulabu ya namba yake. Moja, mbili, tatu. Ya nne ilikuwa tupu.

Namba nne ndiyo ile yenye kipini, bastola nzima peke yake mle ndani! Mlio mmoja tu, na wale wa juu wanajua tulipo, na watu arobaini na tatu wanakufa. Lakini niseme la moyoni: sikuwawaza hao arobaini na tatu. Nilimuwaza mmoja, maana nilijua aliyeichukua.

Shemeji alikuwa fundi wa chumba cha mbele, kwenye mitambo ya kurushia topido. Alikuwa amemuoa dada yangu miezi mitano kabla, na dada alikuwa mjamzito. Siku ya kuondoka alinishika kola pale gatini. "Usinirudie peke yako," akasema. "Ukirudi bila yeye, usipige hodi kwangu."

Na shemeji aliogopa kitu kimoja tu duniani: maji kumfunika. Chekeni mkitaka, baharia wa nyambizi anaogopa maji! Tulimtania sana, naye akicheka pamoja nasi. Lakini siku moja aliniambia bila kucheka, "Maji yakianza kupanda, mimi sitasubiri yafike puani."

Nikaenda mbele. Hatua thelathini zilinichukua karibu robo saa. Niliwapita wenzangu wamelala chali, macho juu, midomo inachezacheza bila sauti. Hakuna niliyeweza kumwita anisaidie. Hata kunong'ona niliogopa.

Nikamkuta ameketi sakafuni, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, na bastola ameielekeza kifuani kwake. Aliponiona, nikatikisa kichwa. Nikaonyesha juu kwa kidole: wanasikia. Nikachora tumbo la mimba hewani, nikamwonyesha yeye, nikachora tena. Machozi yakamtiririka, ila mkono haukushuka. Nikapiga magoti nikamsogelea polepole, roho mkononi, nikaukamata ule mkono. Nikavuta. Naye akavuta kifyatulio.

Ti.

Nilikuwa nimefumba macho. Nilijua tayari, nimempoteza, nimetupoteza sote. Nilipofumbua, shemeji alikuwa ananikodolea macho, mzima, kinywa wazi.

Juu yetu mngurumo wa manowari ukapungua, ukakoma. Walikuwa wanasikiliza. Tukakumbatiana pale pale majini, sisi wawili na ile bastola katikati, tukisubiri pipa la mwisho. Nilikuwa nausikia moyo wake ukidunda, nikaogopa na wale wa juu wanausikia. Sijui tulikaa muda gani. Halafu mngurumo ukaanza tena, ukaenda zake.

Tulipopanda juu siku ya pili, niliifungua ile bastola kwa siri. Ubavuni ilikuwa imeandikwa tano. Kwenye ile pupa ya kuzama nilizitundika vibaya. Namba nne, ile nzima, ilikuwa kwenye kulabu ya tano, upana wa kiganja tu kutoka pale alipopitisha mkono wake. Nilikimbilia ndoo nikatapika.

Nilimwambia? Thubutu! Kwanza niliogopa gereza. Baadaye nikaogopa jambo jingine. Shemeji alishajipatia maelezo yake: risasi ilimkataa. Kuanzia siku ile hakushtuka tena na maji wala na chochote. Alijenga nyumba, akalea watoto watano, akasimama wima siku ya kumzika dada yangu, na kila palipokuwa pagumu alisema hilo hilo. Wiki iliyopita daktari alimsomea hatari zote za upasuaji, mimi nikiwa nimekaa pembeni. Yeye akasaini huku anacheka. "Mtu aliyekataliwa na risasi," akamwambia daktari, "kisu chako kitamfanya nini?"

Sasa huyu mpwa wangu, aliyekuwa tumboni siku ile, alikuwa ananitazama, vidole juu ya kompyuta.

"Mjomba? Ilie au isilie?"

"Ilie," nikasema. "Zetu zote zilikuwa nzima. Hayo ya pini ni porojo za mitandaoni."

"Zote nane?"

"Zote nane. Si nimekwambia nilizitunza mwenyewe? Andika."

Shemeji akapiga paja lake. "Unasikia, mwanangu? Nzima kabisa! Na nilipovuta ikakataa!"

Mpwa wangu akacheka, akainuka kwenda jikoni kuongeza chai. Mlango ulipojifunga tu, lile tabasamu la shemeji likaondoka. Akanishika mkono juu ya meza. Vidole vyake vilikuwa baridi, na macho yalikuwa yale yale niliyoyaona kule chini kwenye maji.

"Hebu rudia," akaninong'oneza. "Ile bastola ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, shemeji," nikasema, na sikuuachia mkono wake mpaka chai ilipoletwa.