Siku Tisa Zilizovuka Mstari

Masika ya mwaka 1979 yalikuwa hayajaanza Wilibrodi, fundi wa malambo, alipofika kijiji cha Kansay na kamba zake za kupimia. Lambo lilikuwa limeshachimbwa. Kilichobaki ni kukata mlango wa kumwagia maji yakizidi. Chini ya tuta la lambo, hatua mia mbili tu, ilikuwa nyumba ya Antonia, na ndani yake wajukuu watano.

Antonia ndiye aliyepima mvua ya kijiji kwa miaka kumi na minne, kila asubuhi saa tatu, akimimina maji ya mkebe kwenye bilauri yenye mistari na kuandika kwenye daftari.

"Mama, siku ya mvua hapa wastani ni milimita tisa," Wilibrodi alisema akilifunga daftari hilo. "Mlango wa mita mbili unatosha."

"Kitendawili, mwanangu!"

"Tega."

"Ng'ombe wangu mia, tisini na tisa wapole, mmoja akija huvunja zizi."

"Mh! Nimeshindwa. Chukua Babati."

"Nimekwenda Babati, nimekula nimeshiba. Ni mvua! Wewe umepima wale wapole."

Wilibrodi akacheka, akafungua tena. "Haya, tushike ile kubwa kuliko zote. Hii hapa, mia kamili, mwaka wa sabini na nne."

Antonia akaweka kidole kwenye tarakimu ile. "Hiyo mia si kweli," alisema polepole. "Asubuhi ile nilikuta mkebe umejaa hadi mdomoni, maji mengine yameshamwagika. Niliandika pale mkebe ulipokomea. Niliona aibu kusema."

Fundi hakumgombeza. Alipiga mstari kwenye milimita sitini, wakatafuta siku zilizouvuka. Tisa tu, miaka yote ile. Sasa hakuuliza tena mvua hunyesha kiasi gani. Aliuliza, ikishavuka mstari, huenda mbali kiasi gani? Sitini na nane. Themanini na moja. Tisini na tano. Kisha ile isiyojulikana mwisho wake.

Antonia alizitazama zikipangwa, mwili ukamsisimka. Siku tisa kati ya maelfu, nazo zilikuwa zikimpa habari za siku ya kumi, ambayo hakuna jicho lililoiona.

"Mlango wa mita sita," Wilibrodi akasema.

"Bibi anachimbia bahari!" wenye majembe walidhihaki, lakini walichimba.

Siku ya kumi ilikuja Aprili, mchana kweupe. Antonia alisimama kwenye tuta, kinywa wazi. Maji mekundu yaliujaza mlango wote, yakiviringisha mawe makubwa kama ndama, yakajimwaga kwenye korongo la pembeni kwa ngurumo. Tuta lilitetemeka chini ya nyayo zake, likasimama. Kutoka maji hadi ukingo ilibaki shubiri moja.

Kule bondeni, moshi wa jiko lake ulikuwa unapanda.