Chupa ya Mwisho ya Mama Moto Mdogo

Hotelini kwetu chakula hakiliwi kabla ya kutambulishwa. Ndiyo kanuni ya Bosi, na Bosi ni mwanamke asiyerudia neno. Sahani ikitua mezani, mhudumu anasimama wima, mikono nyuma, anataja kila kilichomo kimetoka kwa nani: kuku wa fundi baiskeli wa ng'ambo ya mto, mchicha wa mwalimu mstaafu, siagi ya wale dada wawili ambao hawasalimiani lakini kukamua wanakamua pamoja. Wageni wa mjini wanaiacha lami, wanakula vumbi njia nzima, ili waje kusikia habari za mchicha. Na ole wako udanganye. Kuna kijana alifukuzwa kwa kuiita kabichi ya sokoni kabichi ya bustanini.

Mimi nilikuwa bingwa wa kutambulisha. Wenzangu wanataja majina na kuondoka. Mimi nawaweka wageni kiganjani. Na hadithi yangu kubwa ilikuwa jemu ya machungwa ya mama mkubwa wangu, aliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu. Watu walimwita Mama Moto Mdogo. Alipika jemu yake juu ya makaa mawili matatu, kutwa nzima, maganda yakiwa humo humo, na ukisogeza kuni karibu na jiko lake unakula mwiko wa mkono. Ilikuwa tamu, halafu mwishoni inakuja na uchungu kidogo unaobaki kooni. Wengine hawakuupenda uchungu huo. Yeye alisema hao ni watoto, watakua.

Alipofariki, stoo ya hoteli ilibaki na chupa chache, na chache huisha. Ilipobaki moja, Bosi aliipandisha rafu ya juu, akaniita mimi, si mwingine.

"Hii ni ya mzee. Jumapili namwalika aje ale kama mgeni. Usiiguse."

Mzee ni mume wa marehemu, Baba Mkubwa wangu, ambaye miaka yote alileta chupa zile kwa mlango wa jikoni na hakuwahi kukalia kiti cha ukumbini.

Jumamosi niliigusa.

Sina la kujitetea. Meza ndefu ya dirishani ilikuwa na wageni wanaosikiliza, wale wanaoacha uma hewani ukiongea. Nikaanza habari za Mama Mkubwa, ingawa jemu haikuwemo hata kwenye chakula chao. Mama mmoja akafuta machozi. Akauliza kama wanaweza kuionja, kidogo tu. Sifa zinalevya kuliko pombe. Nilipanda juu ya kiti, nikaishusha chupa, wakapiga makofi, na makofi yale niliyasikia kama yangu.

Nikawapakulia chupa nzima, wakaonja. Wakakunja nyuso, wakatazamana kwa adabu, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Nilipoondoa vyombo, karibu jemu yote ilikuwa imebaki kwenye sahani, imechanganyika na makombo na mifupa. Nikaikwangua ndani ya ndoo ya mabaki kwa mkono wangu mwenyewe. Mkono ule nilitaka kuukata.

Mpishi alinikuta naosha sahani moja ambayo ilishatakata zamani. Nikamweleza. Ni mtu wa maneno machache na yote yana chumvi.

"Machozi hayapiki," akasema. "Kesho alfajiri niletee machungwa ya mti wake."

Nikayaleta. Akayamenya, akayachemsha juu ya gesi haraka haraka kwa sababu ya wageni wa asubuhi, akamwaga sukari bila huruma, akaijaza ile chupa yenye mwandiko wa Mama Mkubwa.

"Mti ni wake, machungwa ni yake," akasema akifuta mdomo wa chupa. "Sufuria tu ndiyo yangu. Huo ni uongo?"

Nilitaka sana usiwe uongo.

Mchana Baba Mkubwa alifika na suti ambayo sasa ilimzidi mabega. Alisimama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nipite huku huku mbele?" Nikamshika mkono hadi mezani. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Kuku alimla nusu, akamsukuma pembeni.

"Nisije nikashiba bure. Mimi nimefuata ile." Akacheka kidogo. "Nyumbani hakuna hata tone. Zote aliwapa nyinyi. Kila nikilalamika, ananiambia, wewe tulia, nitakupikia nyingine."

Nilileta mkate wa moto, siagi na chupa. Bosi alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, mikono kifuani, anatabasamu kwa ukarimu wake mwenyewe. Nikasimama wima, mikono nyuma.

"Jemu ya machungwa," nikasema. "Ya Mama Moto Mdogo."

Aliisoma kwanza ile karatasi ya chupani, akaipapasa kwa kidole gumba. Akapaka mkate hadi pembeni kabisa, akang'ata, akafumba macho. Akatafuna taratibu. Akameza, akasubiri. Akang'ata tena, akasubiri zaidi. Nilijua anasubiri nini, na nilijua hakiji.

Akaweka mkate chini.

"Nimeshamsahau mke wangu," akasema.

"Baba Mkubwa..."

"Sikiliza. Hii ni tamu tu, tamu ya kawaida. Kichwani mwangu nina kitu kingine kabisa, kila siku nalala nacho. Kumbe nimejitungia. Ulimi wenyewe umeshamsahau, na mimi nilidhani huo ndio utakaobaki." Akajaribu kutabasamu, midomo ikamkatalia. "Uzee huu, mwanangu. Unaiba hata maiti."

Ningenyamaza, ningepona. Bosi asingejua, Mpishi asingesema, na mzee angerudi nyumbani na msiba wa pili niliompikia mimi. Nikapiga magoti kando ya kiti chake, ukumbi mzima ukitazama.

"Hujasahau. Si yake. Hii imepikwa leo. Ile ya mwisho niliwapa wageni jana, Baba Mkubwa. Nilikatazwa, nikawapa, kwa kutaka sifa."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho. Nyuma yangu nilisikia viatu vya Bosi vikija, kisha vikasimama.

"Kwa hiyo ulimi wangu ni mzima?"

"Ni mzima."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea ndani ya suti. "Hasira ninayo," akasema. "Itakuja baadaye, we jiandae." Akaugeuza mkate kwenye sahani, akiwaza. Kisha akauliza kwa haya, kama mtoto anayeulizia zawadi, "Na hao wageni, waliimaliza?"

"Waliimaliza," nikasema. "Walilamba hadi vijiko."

Uso wake wote ukafunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu mazishi. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akakiacha hapo.

"Asante, mwanangu," akasema. "Asante kwa kuniambia ukweli."