Kimya cha Mkurugenzi

Kazini wananiita Mkasi, na sijawahi kushona hata kifungo. Natengeneza podikasti ya kiwanda chetu cha magodoro, ile wanayotumiwa wafanyakazi kwenye simu zao kila Jumatatu, na uchafu kwenye sauti siuvumilii. Kikohozi nakata. Mtu akisema "aaah" nakata. Ninachokichukia zaidi ni kimya, na wasikilizaji wangu wamezoea hivyo: maneno yanafuatana bila pengo.

Jumatatu ile nilivaa hedifoni mapema.

Mkurugenzi tulikuwa tumemrekodi Ijumaa. Wafanyakazi wamembandika jina la Taratibu, maana hata jengo likiwaka moto ataanza na neno hilo. Nilikuwa nimemletea maswali yao, na moja liliulizwa na wengi: je, ni kweli sehemu ya kukata sponji itafungwa? Nilipolisoma alinyamaza. Alishika glasi ya maji, akairudisha mezani bila kunywa. Kimya kile kingemtosha mtu kufunga kamba za viatu vyote viwili. Kisha akasema, kwa ile sauti yake nzito ya kubembeleza, "Hakuna haja ya wasiwasi. Sisi ni familia moja." Alipokuwa anaondoka aliniambia, "Pale niliponyamaza patoe, dada. Wewe ndiye fundi wa hayo."

Nikapatoa. Swali na jibu vikashikana, na ungeapa kwamba mkurugenzi alijibu bila kusita hata kidogo. Niliposikiliza mara ya pili niliiogopa kazi ya mikono yangu.

Kaka yangu yuko hapo hapo kwenye kukata sponji. Kiwanda kimoja cha viti kilikuwa kimemwita, na walitaka jibu lake kabla ya mchana wa siku ile. Nikampigia.

"Umewajibu wale wa viti?"

"Bado, mdogo wangu. Nangoja kipindi chako. Taratibu akisema tuko salama, nabaki. Niache kazi ya miaka yote hii kwa sababu ya uvumi?"

"Kaka, lisemwalo lipo."

"Kwani wewe umesikia nini?"

Sikuwa nimesikia chochote, na hilo ndilo lililonikosesha raha. Nikimwambia aondoke, kisha sehemu yao isifungwe, nitakuwa nimemwachisha kazi anayoipenda kwa sababu tu mtu mzima alichelewa kujibu. Tena kaka yangu kifua hana. Ukimpa siri asubuhi, mchana hata mlinzi wa getini anayo, na ingejulikana mara moja imetoka kwa nani.

"Hakuna," nikasema. "Wewe sikiliza tu."

"Nitasikiliza. Kitu kikitoka mikononi mwako mimi sina shaka nacho."

Alikata simu akicheka. Nilimlaumu Taratibu, nikajilaumu mwenyewe, nikamlaumu hata aliyevumbua maiki. Kazi hii naipenda, na nyumbani wapo wanaoitegemea. Lakini kila nilipofunga macho nilimsikia kaka akisema hana shaka. Nikaifungua rekodi ya Ijumaa, nikakirudisha kimya chote mahali pake, pamoja na pumzi ya mkurugenzi na mlio wa glasi ikigusa meza. Sikuongeza neno hata moja. Nikatuma kabla ujasiri haujaniponyoka.

Baada ya hapo nilikaa tu. Niliwaza kwamba kelele za mashine zimekimeza kile kimya. Niliwaza pia kwamba watu wamekisikia, kwamba barua ya kunifukuza inachapwa chumba cha pili, na nikaanza kusikia vidole vya katibu muhtasi kila alipogusa kitu. Simu ilipoita, niliruka.

"Mkasi," alisema kaka. Hajawahi kuniita hivyo. "Tulidhani simu imekwama. Tukarudia. Bado pale pale. Mzee wa msumeno akazima mashine, tukarudia tena, watu wote wamekaa kimya."

"Halafu?"

"Halafu nikajiuliza, huyu mdogo wangu tangu lini akaacha pengo?"

Niliihamishia simu sikio la pili.

"Basi," akasema polepole. "Wale wa viti nimeshawapigia. Na wenzangu wawili wameomba namba."

Mlango ulifunguliwa simu ikiwa bado sikioni. Taratibu aliingia, akakaa kwenye kile kiti alichokalia Ijumaa, mbele ya maiki. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Taratibu, dada," alisema. "Nina swali moja tu. Ulisahau kukata?"

Ningesema ndiyo, na mambo yangeishia hapo. Watu husahau. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi na ulimi ukagoma. Niliitazama glasi yake, bado iko mezani imejaa, hakuna aliyeiondoa. Yeye alinitazama nikinyamaza, na nilivyozidi kunyamaza ndivyo nilivyoona anaelewa.

"Sawa," akasema hatimaye. Alivuta maiki karibu na mdomo. "Washa. Nisomee lile swali tena."

Nikawasha, nikamsomea. Akafungua mdomo, akaufunga, na mimi nikaacha rekodi iende.