Mdomo wa Damiana

Asubuhi ya sherehe Onofrio aliwapiga pweza kwenye jiwe la mlangoni kama kila mwaka, na Palmina, kwenye roshani yake ya juu, akajikuta anahesabu bila kutaka. Mapigo arobaini kwa kila pweza. Kigongo kikishuka, minyiri inaruka. Kikishuka tena, inalegea. Watoto walishangilia. Kila mtu pale uchochoro wa Corte Tramontana alisema Onofrio ana mkono mzuri wa kupiga, na hakuna aliyejisumbua kuuliza mkono huo hufanyia mazoezi wapi.

Palmina alijua. Kwa miaka sita alikuwa amelala juu ya chumba cha Onofrio na mkewe Damiana, na sakafu za nyumba zile kuukuu za mji wa Bari, Italia, hazifichi hata kikohozi. Alijua kofi linavyolia, alijua mkanda, alijua kichwa kikigonga ukuta. Mara moja tu alichukua ufagio akagonga sakafu, ko, ko, ko. Kesho yake Onofrio alipanda ngazi na sahani ya tini.

"Samahani kwa kelele za jana, shangazi. Tulikuwa tunahamisha kabati."

Palmina akapokea tini, akazila. Zilikuwa tamu, na kila akikumbuka utamu ule alijichukia. Habari ya kabati ikashuka ngazi, ikaenea uchochoro mzima. Damiana akitoka na jicho lililovimba, wanawake waliokaa milangoni wakifinyanga tambi walitazamana na kuambiana, "Wamehamisha tena." Halafu walicheka, Mungu awasamehe, kwa sababu aliyekwisha kucheka hujiona amekwisha kufanya kitu.

Sherehe ilikuwa ya kwao wenyewe. Kila nyumba ilitoa meza na viti, kila jiko lilitoa mafuta, na Sabino kinyozi, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, alitoa kipaza sauti na porojo zake. Saa kumi na moja jioni, jua la Julai likiwa bado kali na vipande vya ugali vikikaangwa kwenye karai la mafuta, chungu kikapandishwa juu ya uchochoro.

Sheria za mchezo wa kuvunja chungu kila aliyezaliwa pale alizijua tangu anatambaa. Kamba hupita kwenye kapi, na mtu mmoja hushika mwisho wake ili akipandishe na kukishusha chungu, amsumbue mpigaji. Mpigaji hufungwa kitambaa machoni na kupewa kigongo cha pweza. Huchagua mtu mmoja awe mdomo wake, na mdomo lazima useme kweli. Wengine wote kazi yao ni kupiga kelele za uongo. Na chochote kitakachogongwa na kigongo kabla kitambaa hakijafunguliwa, hakuna kesi. Mwaka mmoja mama mkwe wa Sabino alimng'oa meno mawili, na jioni hiyohiyo wakala meza moja.

Kamba ilikuwa ya Onofrio miaka yote. Aliuegemeza mgongo ukutani na kujizungushia kamba mkononi mara tatu, maana chungu kilijaa maji hadi shingoni.

"Haya, nani anapiga?" Sabino aliuliza.

Damiana akanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto haukunyooka. Usiku uliopita kabati lilihamishwa mpaka alfajiri, na ndiyo sababu alivaa nguo ya mikono mirefu katika joto lile.

"Wewe?" Onofrio akaangua kicheko. "Jamani, huyu hata yai hajui kulivunja! Mnaniona hapa, nakula maganda kila siku!"

Watu wakacheka.

"Na mdomo wako nani, binti yangu?" Sabino akauliza.

"Shangazi Palmina."

Shingo zote zikageuka juu. Palmina alikuwa na miaka sabini na sita na mguu mmoja mbovu, na hakuna aliyewahi kumchagua. Akainama juu ya chuma cha roshani. "Chagua mwingine, mwanangu. Mimi sauti sina."

"Nimeshachagua," Damiana akasema, akafunga kitambaa mwenyewe.

Kelele zikaanza. Kushoto! Kulia! Rudi nyuma, utaangukia karai! Palmina akapaza sauti juu ya zote. "Mbele hatua mbili. Hapo. Piga!" Damiana akapiga, Onofrio akavuta, kigongo kikakata hewa. Vicheko. Akapiga tena, akakosa tena. Mara ya tatu alikuwa amesimama chini ya chungu kabisa, na Palmina akamwona Onofrio anakitazama chungu, kisha anamtazama mkewe, kisha anapiga hatua ndefu mbele.

Kamba ikalegea. Chungu kikashuka kwenye bega la kushoto, la mkono uleule mbovu, na Palmina, kule juu, akausikia mfupa ukilia. Damiana akaanguka kifudifudi kwenye mawe. Alipoinua uso, mdomo umechanika na damu inadondoka kifuani.

"Pole, mke wangu! Imeniteleza!" Onofrio akarudi ukutani, chungu kikapanda tena. "Inuka basi, au umeshachoka?"

Baadhi yao walicheka hata hapo.

Damiana akainuka. Kitambaa hakukigusa. Aliuelekeza uso juu, kwenye roshani. "Shangazi," akasema. "Niende wapi?"

Palmina aliogopa, na aliogopa sana. Ngazi ya nyumba yao ilikuwa moja, na kila siku yeye, na mguu wake mbovu, angekutana humo na Onofrio. Lakini chini ya hofu hasira ilikuwa imejaa miaka sita, na sasa ikampanda kooni.

"Achana na chungu," akasema. "Geuka kulia. Hatua nne mbele."

"Kushoto!" watu wakapiga kelele. "Nyuma! Nyuma!" Sabino ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa na kipaza sauti mdomoni, ameanza kudanganya, akakishusha. Dada mmoja wa Damiana, aliyekuwa kati ya wapiga kelele, akanyamaza. Wanawake waliokuwa wakikaanga kwenye karai wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, mpaka uongo wote ukaisha na yakabaki mafuta yanayochemka. Miaka sita walikuwa wamenyamaza bure. Safari hii kimya chao kilimsaidia mtu.

"Shangazi, umezeeka vibaya!" Onofrio bado alicheka. "Chungu kiko kule!" Kisha akakitazama kigongo kinavyokuja, akaanza kuhangaika na kamba. Ilikuwa imemkaza. Kulia kwake kulikuwa na meza, kushoto benchi, na juu ya benchi Sabino, ambaye hakusogeza hata mguu.

"Yuko mbele yako," Palmina akasema. "Shusha kidogo. Goti. Piga."

Goti lilivunjika kwa pigo moja. Onofrio akaanguka, chungu kikaruka juu hadi kikakwama kwenye kapi, na mkono wake ukabaki umening'inia hewani.

"Damiana! Ni mimi! Mke wangu!"

"Kiwiko," Palmina akasema. "Juu kidogo. Piga."

Kiwiko kikaenda kinyume. Onofrio alipiga yowe la mnyama. Pigo lililofuata Palmina hakulielekeza kwa jina, alisema tu "tena", nalo likampata mdomoni. Meno yakatapakaa kwenye mawe.

"Kelele gani hizo?" mwanamke mmoja wa karai akauliza kwa sauti.

"Anahamisha kabati," Sabino akajibu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Damiana alikuwa amekinyanyua kigongo juu ya kichwa cha mumewe. Hapo akasimama, anahema, anausubiri mdomo wake. Palmina alijua kwamba neno moja tu lingemuua mtu yule, na kwamba mikono itakayoua haitakuwa yake. Na alitaka kulisema. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, tamu kama zile tini.

"Basi," akasema. "Basi, mwanangu. Yuko chini. Hainuki."

Kigongo kikashuka taratibu. Damiana akavuta kitambaa. Hakumtazama mumewe aliyening'inia pale akitoa mapovu ya damu. Alitazama juu, kwenye roshani.

"Kumbe huwa unasikia, shangazi," akasema.

Akakiweka kigongo mezani kando ya sahani za pweza, akaushika mkono wake mbovu kwa ule mzima, akatoka uchochoroni. Palmina, ameshika chuma cha roshani, akajikuta anazihesabu hatua zake.